Kreti Nane Mferejini

Mume wangu alipopunguzwa kazini alirudi nyumbani na barua moja, ovaroli mbili za bluu, na tochi kubwa ambayo mpaka leo sina hakika kama alipewa au aliichukua. Kwa miaka kumi na saba alikuwa msimamizi wa boila katika kiwanda kimoja cha umma pale Arusha mjini. Ulikuwa wakati wa mashirika kutafutiwa wawekezaji. Mwekezaji akaja, akazunguka kiwandani siku mbili, akasema watu ni wengi mno, na mume wangu akawa mmoja wa hao wengi.

Mimi nilikuwa na baa Usa River, kando ya barabara ya Moshi. Ilikuwa na meza tisa, banda la nyama choma, friji tatu, na kwa nyuma, nje ya uzio wa michongoma, mfereji wa maji yatokayo Mlima Meru kwenda mashamba ya majirani. Niliianzisha kwa kuuza mtori wa ndizi kwenye sufuria moja, kwa hiyo naomba nieleweke nikisema ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa akipita Jumapili baada ya ibada, anakunywa soda moja, anaisifu biashara, anaondoka. Ndoa yetu ilikuwa na afya njema kwa utaratibu huo.

Baada ya barua akaanza kuja kila siku. Mwaka wa kwanza alikaa tu kwenye kiti cha pembeni, akitazama barabara. Niliumia kumwona hivyo. Mtu aliyekuwa akizungusha gurudumu la chuma na kiwanda kizima kinapata mvuke, sasa anafukuza nzi. Mwaka wa pili akaigundua mita ya umeme, nami nikaanza kukikumbuka kile kiti cha pembeni kwa mapenzi.

Ni kweli umeme ulikuwa umepanda, na ulikuwa unapanda tena kabla hatujazoea ule wa kwanza. Siwezi kumnyima haki yake. Lakini alikuwa anaiamkia mita kabla ya kuniamkia mimi. Asubuhi anaimulika kwa tochi, anaandika ukutani kwa penseli, halafu ndipo ananigeukia na kuniambia, “Mama, jana mlikula sana.” Alimaanisha umeme. Wateja wapya walidhani ni mwanamume mchoyo wa ugali.

Alianza na globu. Akatoa tano kati ya nane, akasema macho ya binadamu yanazoea. Macho hayakuzoea. Mzee mmoja fundi cherehani alitafuna kijiti cha mshikaki mpaka katikati kabla hajagundua kwamba nyama ilikwisha zamani. Chooni hakukuwa na globu kabisa, na yaliyotokea huko sitayaandika kwa sababu nawaheshimu wasomaji wangu na mhudumu wangu aliyesafisha.

Kisha akaniletea jiko la maranda, kwa sababu mkaa nao ulikuwa umepanda. Kwa asiyelijua, ni kopo kubwa la bati. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia maranda ya mbao kuizunguka mpaka yawe magumu, unachomoa chupa, unawasha kwa chini. Linawaka saa nyingi bila gharama yoyote. Ubaya wake ni kwamba halina haraka na wala halipokei maoni. Huwezi kuongeza moto, huwezi kupunguza, na ukiligusa linabomoka. Supu ya mbuzi ambayo madereva wa malori waliizoea saa moja asubuhi ikawa tayari saa tano. Madereva hawana subira ya supu. Wakahamia ng’ambo ya barabara.

Ng’ambo ya barabara alikuwepo mpinzani wangu, na yeye katika mwaka huo wa mambo mapya alikuwa amepata friji ya mlango wa kioo. Ilikuwa na taa ndani. Ukiwa kwenye basi la Moshi unaziona soda zake na bia zake zimejipanga zinang’aa. Mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama kwenye kaunta yangu yenye kiza, niliwahi kuitazama mpaka nikatamani kuagiza.

Kwa friji zangu mume wangu alikuwa na nadharia. Alisema friji haili umeme kwa kupoza bia, inakula kwa kufunguliwa mlango. Kila ukifungua, baridi inatoka, joto linaingia, mashine inaanza upya. Akanunua kufuli tatu. Akatunga ratiba: friji zitafunguliwa mara mbili kwa saa. Mhudumu alitakiwa kupita mezani akitangaza, “Jamani, friji inafunguliwa saa nane na robo! Mwenye shida aseme sasa!” Watu wakaanza kuagiza bia mbili mbili kwa hofu ya kuachwa, ya pili inapata joto mezani, halafu wananilalamikia mimi kwamba nauza bia za moto.

Nilisema, sana tu. Alinijibu, “Bandu bandu huisha gogo, mama.” Gogo lenyewe lililokuwa linaisha lilikuwa baa yangu.

Kilichoniweka mjini, kama wasemavyo, ni chama cha kuzikana. Watu wa Kilimanjaro wanaoishi Usa River walikuwa na chama chao, Walutheri na Wakatoliki pamoja, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana kwangu kuanzia saa nane mchana. Wanaomba, wanajadili nani amefiwa, kisha wanamaliza mbuzi wawili na kreti zisizopungua nane. Siku hiyo moja ililipa pango la mwezi mzima. Mwenyekiti wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Machame kama mimi, anayevaa tai hata kwenye nyama choma. Mwezi wa Juni alingoja ratiba ya friji kwa dakika ishirini na tano, saa yake mkononi. Alipoondoka alinivuta kando.

“Mama,” akasema, “mimi nakuheshimu, na mumeo namheshimu. Lakini nimesimamia ratiba za shule miaka thelathini, sikustaafu ili nije kupigiwa kengele na friji. Mwezi ujao nikiikuta hali hii, chama kinahamia ng’ambo.”

Hakuwa mtu wa kutania. Chama kikihamia, ningefunga milango kabla ya Krismasi. Nikamweleza mume wangu yote, neno kwa neno. Akasikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, akasema nisiwe na wasiwasi, Jumamosi hiyo hakutakuwa na ratiba wala kufuli, na bia zitakuwa baridi kuliko za ng’ambo. Nilimwamini. Nilimpikia mpaka ndizi nyama.

Julai ya Meru ni baridi. Wingu linashuka asubuhi linakaa juu ya migomba, na watu wanavaa makoti mpaka mchana. Ijumaa nilikwenda mjini sokoni, nikachelewa kurudi. Jumamosi asubuhi nilishinda kwenye mbuzi na ndizi. Ilikuwa yapata saa saba nilipokwenda kuhesabu bia, nikafungua friji ya kwanza. Ilikuwa tupu na imezimwa. Ya pili tupu. Katika ya tatu alikuwa ameweka mashuka yetu ya akiba, kwa sababu ni kavu na haina panya.

Nilimkuta nyuma ya uzio, suruali imekunjwa mpaka magotini, amesimama mferejini kama mtu anayebatizwa. Kreti nane zilikuwa ndani ya maji tangu jana yake jioni, moja baada ya nyingine.

“Weka mkono,” aliniambia, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. “Weka tu mkono, mama. Maji haya yanatoka juu kabisa. Usiku kucha yanapoza, na hakuna mita!”

Niliweka mkono. Ni kweli, ilikuwa baridi ya kuuma mifupa. Nikatoa chupa moja kuitazama, na nikaona haina lebo. Nikatoa ya pili. Haina lebo. Maji ya usiku kucha yalikuwa yameziloweka zote zikabanduka, zikaenda zake na mkondo. Chupa zote zilikuwa za kahawia, zote za ukubwa mmoja, zote uchi.

Hapo sikuwa na muda wa kulia, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha fika na tai yake.

Ni lazima mjue bia ilikuwa nini miaka ile. Tulikuwa tumetoka kwenye enzi ambayo bia ilikuwa moja, na ukiikosa unashukuru Mungu unalala. Sasa zilikuwa zimejaa aina, za hapa na za nje, na kila mtu mzima alikuwa amechagua ya kwake na kuitetea kama dhehebu. Mhudumu akaweka ile chupa mbele ya mwalimu. Mwalimu akaizungusha mara mbili.

“Hii ni nini?”

“Ni bia yako ile ile, Mwalimu,” mume wangu alisema kwa mbali. “Soma kizibo.”

“Miwani yangu iko nyumbani. Na mtu hanywi kizibo. Bia imevuliwa nguo, nitajuaje ni ya nani? Nitajuaje haikuchakachuliwa?”

Meza nzima ikaweka chupa chini. Wengine wakaanza kubishana na vizibo, huyu anamwambia mwenzake amechukua ya kwake, yule anasema hii ni ya magendo. Mama mmoja mweka hazina akachukua pochi yake. Nikawaona wawili wanatazama ng’ambo, kule kwenye taa ya friji ya kioo.

Nikamvuta mume wangu jikoni. Ningeweza kusema maneno mengi ya kufaa, nikachagua yasiyofaa.

“Kiwanda kilikufukuza wewe, hakikunifukuza mimi! Niachie baa yangu!”

Alitoa funguo tatu za kufuli mfukoni, akaziweka juu ya kinu, akakaa kwenye gunia la mkaa. Nilitamani anitukane, angalau tungekuwa sawa. Maji yakimwagika hayazoleki, na nilikuwa nimeyamwaga mimi mwenyewe, mbele ya mpishi.

Ndipo tukasikia hodi za nje zisizo za wateja. Waliingia wazee watatu wa Kimeru waliovaa makoti mazito na mabuti ya mvua, mmoja na jembe. Walikuwa kamati ya mfereji. Mbele yao alikuwa bibi jirani yangu wa upande wa chini, mlokole, mtu ambaye katika miaka yote hakuwahi kukanyaga kizingiti cha baa yangu hata kuomba chumvi. Mikononi alikuwa na beseni.

“Shikamoo bibi,” nilisema. “Shikamooni wazee.”

“Marahaba,” akajibu, akaliweka beseni juu ya meza ya mwalimu. Lilikuwa limejaa lebo za bia. “Leo ni zamu yangu ya maji. Nimeamka alfajiri, nimefungua mlango wa shamba langu, maji yanachuruzika tu. Yamekuja makaratasi haya. Yamenata kwenye kabichi, yamenata kwenye maharage. Kesho kikundi cha maombi kinakuja kwangu. Nitawaambia nimelima nini?”

Chama kizima kikageuza viti. Wale wawili waliokuwa wanatazama ng’ambo wakaacha kutazama ng’ambo.

Mkubwa wa kamati alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti. Alieleza kwamba mfereji ulichimbwa na mababu zao kwa mikono, kwamba kuna siku ya kila mtu, na kwamba kuziba maji kwenye zamu ya mwenzako ni kosa lenye faini. Walikuwa wamekwisha ziona kreti. Njia ilikuwa imejaa maji hadi barabarani. Akatuzungushia macho, akauliza, “Nani aliyeweka?”

Mume wangu alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na suruali yake iliyokunjwa. Nikaona anafungua mdomo. Watu arobaini walikuwa wanamtazama, na mimi nilikuwa nimemwaibisha dakika tano tu zilizopita. Aibu mbili kwa mchana mmoja, niliona ni nyingi kwa mtu yeyote.

“Ni mimi,” nikasema.

Wazee walitazamana kwa namna ambayo sikuitegemea. Hawakukasirika, walichanganyikiwa. Kumbe mfereji ule, katika taratibu zake zote, ulikuwa unawajua wanaume peke yao. Mwanamke hachimbi, hapangi zamu, haruhusiwi kukaribia chanzo, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaza angeadhibiwa vipi.

“Mwanamke hana faini,” mzee wa pili alinong’ona.

“Na mimi je?” bibi akadakia. “Zamu yangu imeandikwa jina la marehemu mume wangu. Kila juma mnampa maji maiti, mimi nabeba jembe!”

Hapo wazee wakaingia kwenye Kimeru, wakashauriana kwa sauti ya chini. Walisahau kwamba mimi na mwalimu ni wa Machame, na Kimeru na Kimachame ni ndugu wa karibu sana. Ukijua kimoja, kingine hakikupiti mbali. Nilielewa kila kitu. Wa kwanza alisema sheria ni sheria, kosa la mke hubebwa na mume. Wa pili akakubali. Wa tatu, mwenye jembe, ambaye hakuwa amesema lolote tangu aingie, akasema: “Nilionja moja pale mferejini, kupima ushahidi. Jamani, ni baridi kuliko ya ng’ambo.”

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama dari, lakini mkono wake ulikuwa unaisogelea ile chupa uchi taratibu.

Hukumu ikatoka kwa Kiswahili. Mume atalipa faini ya kreti moja, nayo itanywewa hapo hapo, mkosaji akiwa amekaa pamoja na waliomhukumu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, ili watu wasiondoke na kinyongo. Kisha atausafisha mfereji siku tatu, kutoka barabarani kwenda juu. Bibi alipewa zamu mbili za kufidia, na mimi nikaongeza soda, akainywa kwa kuipa baa kisogo.

Kuhamishwa kwa chama hakukuzungumzwa tena. Hakuna Mchaga atakayeondoka kwenye kesi ya mfereji ikiwa katikati, na hii iliendelea mpaka jua la jioni, kwa maana kila mtu alikuwa na mfano wa kwao. Machame faini ni mbuzi, mmoja alisema. Kwetu Kibosho ni ndama, mwingine akajibu, na akazomewa kwa uongo. Kreti za mferejini ziliisha zote, vizibo vikisomwa kwa sauti kwa ajili ya wasio na miwani. Mwalimu alipoaga alinishika mkono.

“Mwezi ujao tuko hapa,” akasema. “Ila bia ivae.”

Jumapili niliziwasha friji zote tatu, nikatoa mashuka, nikarudisha globu. Mume wangu aliniona, akayapokea mashuka. Jumatatu alfajiri alivaa ovaroli ya bluu, nikamfungia mtori kwenye hotipoti. Pale mlangoni nikamwambia, “Nisamehe kwa yale ya jikoni.”

“Ya jikoni yabaki jikoni,” akasema, akachukua jembe.

Siku ya tatu alirudi saa kumi na moja jioni akiwa ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Alianza kuongea tangu getini. “Mama, nusu ya maji yale inapotea! Inavuja sehemu kumi na nne, nimezipima kwa hatua. Zamu zenyewe zimepangwa ovyo. Nimemwambia mzee, kesho tunakutana kule juu, watano wamekubali kuja na majembe.” Nikawaonea huruma wale wazee. Hawakujua walichojitafutia.

Nilikwenda kumletea chai. Niliporudi alikuwa kitini, buti moja limevuliwa, la pili bado mguuni, amelala fofofo mdomo wazi. Miaka miwili nilikuwa nikimwona amechoka kwa kukaa. Leo alikuwa amechoka kwa kazi. Nilipiga magoti nikamvua lile buti la pili, taratibu, nisije nikamwamsha.